Kura ya Mjane wa Mbunge

Uchaguzi mdogo wa kumpata mrithi wa mbunge wetu, marehemu Dezső, ulikuwa umeshabatilika mara tatu. Kila mara watu wa Kisbodony na vijiji jirani walibaki majumbani, wapiga kura wakawa pungufu ya idadi inayotakiwa na sheria, nasi tukaambiwa turudie. Jumapili ile ya Machi ilikuwa ya nne. Mimi, Etelka, mwalimu mstaafu, nilisimamia kituo cha shuleni, na kufikia saa nane mchana walikuwa wamekuja watu hamsini na wanane.

"Mwalimu, si tuwapigie sisi wenyewe, twende tukalale?" alisema Vendel, mfuga nyuki, mjumbe mwenzangu.

"Rudia hayo nikuandike kwenye kumbukumbu."

"Niandike. Walau utapata cha kuandika leo."

Simu ikalia. Alikuwa Rozália, mjane wa Dezső. Alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kutoka kitandani, akaomba tumpelekee sanduku dogo la kura za wagonjwa. Nilishangaa. Mara zote tatu hakupiga kura, hata alipokuwa mzima.

Tukavaa mabuti ya mpira, tukapita kwenye matope ya Mtaa wa Kanisani, Vendel amelikumbatia sanduku. Tulimkuta Rozália amekaa kitandani, blanketi lote limejaa barua.

"Kaeni, wanangu. Sukumeni tu hizo."

"Za rambirambi, mama?" Vendel akauliza.

"Rambirambi gani! Pensheni. Daraja. Huyu paa lake linavuja. Wanamwandikia Dezső."

"Lakini si wanajua amefariki?"

"Walikuja kumzika! Sasa wamwandikie nani? Tangu Oktoba nawajibu mimi. Naandika, 'Suala lako linashughulikiwa.'" Akavua miwani, akajifuta macho. "Nani analishughulikia, Etelka? Mimi na nyonga yangu?"

Nikamkabidhi karatasi ya kura.

"Kila uchaguzi ulipovunjika nilifurahi," alisema. "Nilijiambia, basi, hakuna atakayekalia kiti chake. Sasa nimechoka."

Tukamgeuzia mgongo. Kalamu ilikawia sana. Kisha tukasikia karatasi ikianguka sandukuni.

"Haya, nendeni. Kwenye sahani kuna pogácsa. Chukueni, mmekonda."

Tulikula zile pogácsa, vimkate vidogo vya duara, njiani, baridi na chumvi tele. Kwenye mlango wa kwanza tulioupita, Vendel akasimama ghafla, akabisha hodi. "Mzee! Kura hujapiga. Vaa viatu!" Alibisha mlango wa pili, na wa tatu. Nilimwambia mjumbe haruhusiwi kuwahimiza watu hivyo. Akasema hamtaji mgombea yeyote, anataja viatu tu. Sikumkataza tena.

Jimbo zima lilivuka kiwango kwa kura thelathini na moja. Aliyeshinda ni Ottokár, daktari wa mifugo, aliyewahi kumwita Dezső mvivu mbele ya mkutano mzima. Nilimpigia Rozália mwenyewe, asije akazisikia habari hizo redioni.

Nilisikia barua zikichakarika kitandani mwake.

"Yule ndiye niliyempa kura," akasema. "Dezső alikuwa mvivu kweli, Etelka. Lakini alikuwa wangu."

Kisha akaanza kulia, nami nikakaa na simu sikioni, koti bado mwilini, mpaka alipomaliza.