Dumu Moja la Oktani Mia

Mdomo huponza kichwa, na kichwa kilichoponzwa safari hii kilikuwa cha mwalimu wa udereva ambaye wanafunzi wake wote humwita Mwalimu Taratibu. Kosa lilifanyika mezani, siku ya Alhamisi. Mama mkwe wake alikuwa ameuliza, kama anavyouliza kila juma, lile gari jekundu litaondoka lini uani ili apate pa kuanika nguo. Mume alikuwa anatafuna mkate kimya, kwa kuwa yeye ni mwoka mikate, na kati ya mke na mama ameamua zamani kwamba atagombana na unga tu. Mwalimu akaweka kijiko chini akaapa: Jumamosi anakwenda kwenye mashindano ya magari, na asipomaliza mita mia nne chini ya sekunde kumi na nne, Jumatatu gari linauzwa. Mama mkwe akaitikia amina upesi kuliko anavyoitikia sala.

Na kweli alikuwa na haki ya kufurahi. Huyu mkwe wake ni mtu aliyekaa miaka chungu nzima kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya ziada, akiwaambia watu pole pole, tazama kioo, pole pole. Hata sokoni anapishana na watu kwa kuonyesha mkono. Lakini ndani yake alikuwamo mtu mwingine kabisa, na huyo mwingine alitaka kuruka. Gari lile walilipata likiwa gofu, yeye na shemeji yake fundi, wakalifufua jioni baada ya jioni, wakalifunga turbo, na Mwalimu akalipenda kwa kiasi ambacho si adabu kukisema mbele ya watoto. Kuliuza kungemvunja moyo, na kitanzi alijivisha mwenyewe.

Tena gari lenyewe lilikuwa na maringo ya kula. Shemeji aliiweka injini inywe petroli ya oktani mia tu, ile inayovumilia kubanwa. Petroli ya kawaida ikibanwa sana huwahi kulipuka kabla ya zamu yake, kama maziwa yanayofurika ukigeuka kidogo tu, na hapo injini huanza kugonga kama mtu anayedai deni mlangoni, mwishowe pistoni hutoboka. Shemeji alikwisha kumwonya: akiliwekea mafuta ya kawaida halafu akalikanyaga, asimpigie yeye simu, awapigie wanunuzi wa vyuma chakavu.

Jumamosi asubuhi mshale wa mafuta ulikuwa robo. Mume ameondoka na gari la mikate, shemeji ametangulia uwanjani na vifaa vyake. Hapo ndipo Mwalimu alipofanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu asingelifanya: akaamua kuyatafuta yale mafuta adimu kwa gari lile lile linaloyanywa. Alipofungua mlango akamkuta mama mkwe ameshakaa ndani, mkoba mapajani, mkanda umefungwa, kilemba kimenyooka. Ni mama aliyejaliwa mwili, na kile kiti cha mashindano kilikuwa kimemkumbatia barabara.

"Nakuja kuwa shahidi," akasema. "Nisije nikasimuliwa."

Mwalimu akasema karibu sana, mama. Angesema nini?

Kituo cha kwanza, kile kinachouza oktani mia siku zote, pampu ilikuwa imevikwa mfuko wa plastiki kichwani. Mhudumu akaeleza kwa masikitiko ya uongo kwamba washindani wote walipita alfajiri kwa msafara, na wa mwisho alikung'uta bomba kama anayekamua ng'ombe. Mama mkwe akasema ndiyo hivyo, riziki haivutwi kwa kamba, warudi nyumbani. Sauti yake ilijaa furaha isiyofichika. Mwalimu akawasha gari.

Kituo cha pili kilikuwa na pampu mbili, ya kawaida na ya dhahabu, na juu ya ile ya dhahabu pameandikwa kwa herufi za kujidai: OKTANI 100. Moyo wa Mwalimu ulipaa. Alikuwa ameshafungua mfuniko wa tanki mama mkwe alipoteremsha kioo na kumwita mhudumu kwa kidole.

"Mwanangu, mama yako mzima?"

"Mzima, mama."

"Basi niapie yeye kwamba hii pampu na ile hazinywi tanki moja."

Mhudumu akaitazama pampu ya kwanza, akaitazama ya pili, akalitazama wingu. Kisha akawatakia safari njema. Mwalimu akafunga mfuniko upesi, akarudi kwenye usukani, maana angekuwa amejiulia injini kwa mkono wake. Alimshukuru mama mkwe, na mama mkwe akashtuka, kama mtu aliyegundua ameifunga timu yake mwenyewe. Akajitetea kwamba yeye hapendi kudanganywa, ndiyo hivyo tu, asifikiriwe vibaya.

Lakini mtu akishaonja uwindaji hana raha tena. Mwalimu alipompigia shemeji simu, na shemeji akamtajia Mzee Risasi, mkimbizaji wa pikipiki wa zamani ambaye sasa anatengeneza vyerehani nje ya mji na anasemekana kuwa na pipa la oktani mia kivulini, ni mama mkwe aliyeuliza: "Sasa tunangoja nini?"

Mzee Risasi walimkuta vyerehani vimemzunguka kama wajukuu. Wakamwamkia, akaitikia, wakasema shida yao. Akasema pipa analo, haliuzwi, ila angependa kulisikia gari kwanza. Mwalimu akaliwasha. Mzee akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho.

"Hili halijawahi kukimbizwa," akasema.

"Bado, mzee."

"Mnalionea."

Ungedhani kamkuta mtoto ananyimwa chakula. Akaleta dumu, akalijaza taratibu bila kumwaga tone. Alipokuwa akikaza mfuniko akauliza huyu dada yako naye anashindana? Mama mkwe akamsahihisha kwa heshima zote kwamba yeye ni mama mzaa mume. Mzee akashangaa, akasema basi huyo mume alizaliwa mama yake akiwa bado shule. Mama mkwe akarekebisha kilemba kilichokuwa kimenyooka tangu asubuhi. Malipo mzee alikataa. Alitaka tu warudi wamsimulie ilikuwaje, na akasisitiza warudi wote wawili.

Wakamimina mafuta tankini, wakaondoka. Barabara ya huko ni ndefu na siku hiyo ilikuwa tupu. Mwalimu, kwa furaha, akakanyaga kidogo. Turbo ikapiga filimbi, viti vikawasukuma mgongoni, mkoba wa mama mkwe ukaruka ukatua nyuma. Mwalimu akapunguza mara moja, akaomba radhi. Mama mkwe alikuwa ameshika kifua.

"Hiyo filimbi ni nini?"

"Ni turbo, mama. Samahani sana."

"Hebu irudie."

Akairudia. Akaambiwa hakuisikia vizuri, arudie tena. Mwalimu ni mwalimu, kikomo cha mwendo hakukivuka hata mara moja. Alichofanya ni kupunguza mpaka kuwa kobe, kisha kupanda hadi kikomo kwa kishindo, kisha kuwa kobe tena. Mama mkwe alicheka mpaka machozi, kicheko chembamba ambacho Mwalimu hakuwahi kukisikia tangu aolewe. Walianza kuimba. Walimpungia mtu mwenye baiskeli. Na bandu bandu huisha gogo: walipoingia uwanjani, kwenye njia ya zamani ya ndege, shemeji alitazama mshale, akashika kichwa. Mafuta yalibaki ya mbio moja tu. Mbio ya kupasha moto isahaulike.

"Basi nipeleke kwenye mstari," Mwalimu akasema.

Shida ikawa nyingine. Mama mkwe hakushuka. Aliomba helmeti, akavua kilemba, akaivaa, akakaa mkao wa kula. Sheria iliruhusu washindani wapya kubeba abiria, ila shemeji alimvuta Mwalimu pembeni, akamnong'oneza kwamba peke yake anaiweza kumi na nne, lakini kwa uzito ule hapana.

"Mwambie wewe," Mwalimu akasema. "Ni mama yako mzazi."

"Ndiyo maana siwezi. Mwambie wewe."

"Mimi mkwe wake, nimwambie mama mkwe ashuke kwa kuwa ni mzito?"

Kuna maneno ambayo ukishayasema ndani ya nyumba, chai hainyweki tena. Wakamtuma mwenye bendera, naye akainama dirishani akasema kwa wazazi kuna viti vizuri, vina kivuli. Mama mkwe akashukuru, akasema hata hapa kivuli kipo.

Mwalimu akapanda. Alijua anakwenda kushindwa, na jambo la ajabu ni kwamba tumbo lake lilikuwa linacheka. Akafunga mkanda, akatazama vioo vyote vitatu, na kwa mazoea akawasha indiketa. Watazamaji wakaangua kicheko. Bendera ikashuka.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwendo ni kimya. Kelele zote zilibaki nyuma, mbele ikabaki njia nyeupe iliyokuwa inamezwa chini yao, na mikono yake ikabadilisha gia yenyewe. Injini haikugonga hata mara moja, iliimba. Alisikia raha tupu, raha ya kitoto, raha ambayo alikuwa akiwakataza watu kwa mshahara. Pembeni yake mama mkwe alikuwa anasema "kanyaga, mwanangu, kanyaga, kanyaga," kama anayemhimiza mzazi kwenye chumba cha kujifungulia. Mstari ukapita.

Ubao ukawaka: kumi na nne nukta mbili.

Mwalimu akalisimamisha gari mwisho wa njia, akazima. Ile raha bado ilikuwa inamtekenya mbavuni, na machozi yalikuwa yameshaanza kushuka juu yake.

Mama mkwe aliutazama ubao, kisha akajitazama.

"Ni mimi?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni upepo."

Mama mkwe akaigeukia bendera ya mwisho wa njia, iliyokuwa inaning'inia kama nguo iliyoloa. Akavua helmeti. Nywele zake za mvi zilikuwa zimesimama kila upande, na mashavu yanamwaka kama ya msichana.

"Uliapa Jumatatu gari linauzwa," akasema. "Nami nilikuwapo."

"Niliapa, mama."

"Na kiapo hakirudishwi nyuma."

"Hakirudishwi."

"Basi mnunuzi umempata. Ni mimi."

Mwalimu alimtazama asimwelewe, kisha akamwelewa. Jambo la pekee lililomjia kinywani ni kwamba mama hajui kuendesha.

"Kwani ndani ya nyumba yangu hakuna mwalimu?"

Shemeji, aliyekuwa anakuja mbio na maneno ya kufariji, aliwakuta wamekumbatiana juu ya gia, mmoja analia kwa kicheko, mwingine anacheka kwa kilio, na hakuweza kujua yupi ni yupi. Baadaye Mwalimu akashuka, akazunguka gari, akamfungulia mama mkwe mlango, wakabadilishana viti. Mafuta yalikuwa yamebaki ya kulisogeza tu mpaka getini, na kwa somo la kwanza hayo yanatosha. Akamwambia akae wima, ashike usukani kwa mikono miwili, kisha aanze kwa kutazama kioo.

Mama mkwe akakitazama, akajifunga kilemba upya, akasema yuko tayari.