Swali la Nguo Mbili

Mtakwimu alichora grafu ya swali la kumi na saba mara tatu, akiomba iwe kompyuta ndiyo iliyokosea. Haikukosea. Na swali lenyewe lilikuwa la Bibi Rula.

Jina hilo alilipata kwa sababu kila alipotunga swali aliyapima majibu yote manne kwa rula, lile sahihi lisije likawa refu kuliko wenzake likajifichua. Kwa miaka ishirini na miwili maswali ya sayansi yalipita mikononi mwake, na katika ofisi ile ya mitihani hakuna aliyethubutu kumkosoa. Mtakwimu, kijana mwenye miezi minne tu kazini, alikumbatia kompyuta yake akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenywea? Kaa."

Akamwonyesha. Watahiniwa amewapanga kwa alama zao za mtihani mzima, wa chini kushoto, wa juu kulia, na kila jibu lina mstari wake.

"Mstari wa jibu sahihi hupanda, Mwalimu. Kadiri mtoto anavyojua, ndivyo anavyolichagua. Hapa jibu letu ni A, nalo linashuka. Wanaofanya vizuri wanakimbilia D."

Bibi Rula akavaa miwani, akalisoma swali upya. Nguo mbili zinazofanana zimeloa. Moja imeanikwa juani, nyingine kivulini penye upepo. Ipi itakauka kwanza? A ilisema ya juani. D ilisema haijulikani bila kupima.

Akarudisha macho kwenye grafu. Mtakwimu akaona amwokoe.

"Pengine mpiga chapa alichanganya orodha ya majibu. Naweza kuandika hivyo kwenye ripoti."

"Mpiga chapa wa watu amekukosea nini?" Aliufuata mstari wa D kwa kidole, polepole, mpaka juu. "Hawa wamejiuliza upepo una nguvu kiasi gani. Mimi sikujiuliza. Wana akili, watoto hawa."

Mtakwimu alitarajia uso ule uwake hasira. Badala yake ulikuwa umechangamka, kama wa mtu aliyepata wageni aliowangoja siku nyingi.

Papo hapo akanyanyuka, wakaenda wote wawili kwa mwenyekiti wa kamati.

"Swali ni langu na kosa ni langu," akamwambia. "Matokeo yasitoke kabla hatujasahihisha upya."

"Tarehe tumeshaitangaza, Mwalimu."

"Basi tutangaze nyingine. Kuna watoto wamejibu vizuri tukawawekea kosa."

Mwenyekiti alinung'unika sana, lakini alitia saini. Matokeo yalichelewa siku mbili.

Asubuhi iliyofuata mtakwimu alimkuta Bibi Rula ameshavuta kiti kwenye meza ya kijana, mafaili ya maswali yake ya miaka sita mbele yake.

"Yachore yote," alisema. "Na usinionee haya."

Kufika saa nane mchana walikuwa kwenye swali la sitini na moja. Matatu yalikuwa na hitilafu, na yote matatu aliyabaini yeye, kabla kijana hajafungua mdomo.