Sitini za Ubaoni

Asubuhi msimamizi wa kiwanda cha mashati alifuta arobaini ubaoni, akaandika sitini.

"Minimamu, akina mama. Maana yake ndiyo chini kabisa. Kola hamsini na tisa kwa siku siyo kazi, ni utani. Mwenye utani, mlango ule."

Mlango wenyewe ulikuwa na kufuli mpaka kengele ya jioni.

Umeme aliinamia cherehani yake. Walimpachika jina hilo kwa wepesi wa mikono. Juma lililopita, akiwahi ibada ya kumkumbuka marehemu mumewe, alimaliza kola sitini kabla ya saa tisa, akaomba ruhusa. Msimamizi alitabasamu tu. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Wifi," alinong'ona dada wa marehemu kwenye cherehani ya jirani, vidole vimemvimba, "hiyo sitini imetoka wapi?"

"Kwangu."

"Weee! Yaani umekimbilia kwa Mungu, sisi ukatuachia vumbi?"

Alicheka, lakini macho yalimlowa. Hakuwahi kupita arobaini, na nyumba yao ilikula kwa mikono yao minne.

Umeme alivuta kola nyingine. Alishona. Kila baada ya kola tatu, ya nne aliidondosha kwenye kikapu cha wifi yake, kama mtu anayefukuza nzi.

"Wifi! Na tukionekana?"

"Mungu ana macho, yule ana miwani. Usiniangalie. Shona."

Siku tano zikapita hivyo. Maji hakunywa, asije akahitaji kwenda msalani. Kiuno kilimkatika, akasali palepale, mguu ukikanyaga.

Siku ya sita msimamizi alipita akikagua vikapu. Cha Umeme, sitini. Cha wifi yake, sitini. Akaushika ule mkono uliovimba, akauinua juu watu wote wauone.

"Mnaona? Hata huyu anafika! Na mlinililia hapa kwamba haiwezekani."

Umeme alifungua mdomo. Akisema kweli, wifi anatoka kwa mlango ule, naye nyuma yake. Akinyamaza... Lakini kitambaa cha kufutia kilikuwa tayari mkononi mwa msimamizi.

Akaufumba mdomo, akatunga uzi kwenye sindano. Nyuma yake chaki ililia.

"Wifi," sauti ilitetemeka kando yake, "sabini."

Sabini zake, na thelathini za kumwongezea wifi. Mia, Umeme alihesabu moyoni, Ee Mola, mia.

"Usiniangalie," alisema. "Shona."