Lilifika Likiwa Tupu

Maji yaliyotoka kwenye sanduku la jiwe yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na yalikuwa yakikimbilia mtaro wa karakana kule Doornfontein Jelimo alipoingia. Gaël, kibarua wa pale, alikuwa ameshika mpira wa maji. Jelimo alipiga magoti, akaziba mtaro kwa skafu yake, akaanza kuchambua tope kwa vidole. Alipata vipande vya mfupa ulioungua, vyepesi kama ganda la yai, na jino moja dogo.

Alikuwa ametoka Eldoret kuja chuo kikuu huku kusini mwa Afrika, kusomea jinsi Warumi walivyozika watu wao. Makaburi yenyewe yalikuwa mbali, kwa hiyo alisoma vitu vilivyong'olewa humo na kuuzwa huku na huko. Sanduku hili lilikuwa mali ya tajiri mmoja wa mjini, mlipaji wa masomo yake na mfadhili wa maonyesho yaliyokaribia kufunguliwa Newtown. Maandishi ya ubavuni Jelimo alishayasoma kwenye picha: mjakazi mmoja wa Afrika ya Kaskazini aliweka humo majivu ya binti yake wa miaka mitatu.

"Dada, patron wa karakana alinituma nisafishe," alisema Gaël, mtu mzima wa Bukavu, si msemaji sana. "Niliona meno. Nikamuambia, hii ni mtoto. Akasema ni taka, nimwage."

Jelimo alivifunga vile vipande kwenye leso, akampelekea profesa wake, magoti bado yana tope. Profesa alifunga mlango. Akamweleza kwa upole kwamba sanduku lilipita bandarini kama pambo la bustani. Mifupa ya mtu ingetaka kibali, na kibali kingezaa maswali: nani alilifukua, na lini.

"Kwenye ripoti utaandika kwamba lilifika likiwa tupu."

"Halikuwa tupu."

"Nani anakulipia masomo, Jelimo?"

Hakuandika. Alisimama kwenye mkutano wa idara akasema yote mbele ya walimu: mtoto wa watu amemwagwa kama maji ya vyombo, hili ni kosa la jinai, na lazima mtu ajibu. Walimu walitikisa vichwa kwa huzuni, wakaunda tume. Siku hiyo alirudi nyumbani kifua mbele.

Tume ilimpata wa kujibu. Mwenye karakana alisema hakumtuma mtu. Profesa alisema mambo ya bandari hayajui. Tajiri hakuitwa. Polisi walimchukua Gaël kazini kwa kosa la kunajisi mabaki ya marehemu, na walipoona karatasi yake ya ukimbizi imepitwa na muda wakaongeza kosa la pili. Jelimo alikimbilia kituoni kueleza kwamba yule mtu alitumwa. Ofisa alimsomea maneno yaliyonukuliwa kutoka mkutanoni, kwamba lazima mtu ajibu, akamuuliza kama si yake.

Yalikuwa yake.

Jioni ya ufunguzi, Célestine, mke wa Gaël, msusi wa Hillbrow, alikuja Newtown akitokea kituoni. Alitaka akione hicho kitu kilichomfunga mumewe. Mlinzi alimzuia kwa kuwa hakuwa na mwaliko. Jelimo naye hakuwa nao tena. Ulifutwa pamoja na ufadhili wake. Wakasimama nje, kwenye kioo cha dirisha la ukumbi.

Ndani, profesa alikuwa akieleza jinsi Warumi walivyowaenzi wafu wao, hata mtoto wa mjakazi. Kisha akainua glasi na kumimina divai kwenye tundu la kifuniko. Wageni wakapiga makofi. Tajiri akapewa zamu yake.

"Wanafanya nini pale?" aliuliza Célestine.

"Wanampa marehemu kinywaji. Ilikuwa desturi."

"Marehemu iko wapi?"

Jelimo alimnyooshea kidole profesa, aliyebaki na ile leso. Mlinzi akawaambia wasogee, magari ya wageni yanataka nafasi. Célestine hakusogea. Kwapani alikuwa na mfuko wa nguo za Gaël, zile walizozikataa kituoni. Alikipiga kioo kwa kiganja, akapiga tena kwa nguvu zaidi, na tena, na ndani hakuna aliyegeuka, maana makofi yalikuwa bado yanaendelea.