Usukani wa Genzo

Genzo alipofariki, alimwachia mkewe Tazuko nyumba, paka, na pikipiki nyekundu ya mashindano ambayo mama huyo hakuwahi kuruhusiwa hata kuipangusa. Tangu ujana wao hapo Hamamatsu, Japani, mume alitangulia nayo, kifua kimelalia tangi, na mke akafuata kwa mbali na kipikipiki chake, akila moshi.

Baridi ilipoisha, Tazuko aliikokota ile nyekundu mpaka gereji ya Morikawa, rafiki wa marehemu.

"Nataka safari ndefu, nikiwa nimekaa wima," alisema. "Mgongo wangu umechoka kuinama."

Morikawa aliruka. "Shemeji! Mnyama huyu kashinda mbio za mlimani. Leo umfanye punda wa mizigo?"

"Punda hufika."

"Genzo atanijia usingizini anikabe koo!"

"Akija, mwambie apitie na kwangu."

Morikawa akashika spana.

Usukani wa chini uling'olewa, ukafungwa mpana wa juu. Vikanyagio vikashushwa. Siti ngumu kama ubao ikaipisha nene. Mbele kikasimama kioo cha kukinga upepo, na ubavuni yakaning'inia masanduku mawili. Tazuko alishinda pale, akipokea kila kilichotolewa na kukifunga gazetini kama anayefunga vyombo vya mtu anayehama.

Mwisho ilibadilishwa ekzosi, lile bomba la moshi. Morikawa akawasha. Ule mngurumo uliokuwa ukimwambia Tazuko, tangu kona ya duka la mchele, kwamba Genzo anarudi, aweke supu mezani, haukuwapo tena. Ilisikika sauti ya chini, ya upole. Tazuko akatoka nje, akaegemea ukuta.

"Niirudishe ya zamani?" Morikawa aliuliza mlangoni.

Tazuko alitikisa kichwa. "Iache."

Alikwenda kaskazini peke yake. Kwenye feri ya kwenda kisiwa cha Hokkaido alilala katikati ya wageni waliokoroma, na asubuhi akala tonge la wali amesimama.

Barabara ya huko ilinyooka hadi macho yalipokoma. Mwendesha pikipiki mmoja alikuja kutoka mbele, akainua mkono. Tazuko alitazama mbele yake kumtafuta anayesalimiwa. Barabara ilikuwa tupu. Alipoelewa kwamba anasalimiwa yeye, akainua wake, lakini yule mtu alikwishapita.

Aliuacha mkono hewani kidogo, upepo ukiusukuma. Kisha akashika usukani, akaongeza mwendo.