Shahidi wa Nyota Changa

Mwanafunzi mmoja wa elimu ya nyota, aliyeitwa Kimya na wenzake kwa uchache wa maneno yake, alikuwa amejifungia chooni nyuma ya ukumbi wa mkutano. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameona kosa.

Muda si mrefu mwalimu wake, Mama Vumbi, angepanda jukwaani kutangaza walichokigundua. Katika sahani ya vumbi inayoizunguka nyota changa, ndani kabisa, karibu na nyota yenyewe, pana pengo. Na pengo ni dalili kwamba sayari inazaliwa.

Sasa, kazi hiyo ina desturi yake. Nyota yenye vumbi haipimwi hivi hivi tu. Kwanza unaigeukia jirani yake isiyo na makuu, nyota moja isiyo na vumbi, uone darubini zinadanganya kiasi gani, kisha unauondoa uongo huo. Nyota hiyo waliiita shahidi. Na asubuhi hiyo, akipitia vipimo tena kwa woga wake wa kawaida, Kimya aliona kwamba shahidi wao ni nyota mbili zilizobanana. Walichokiondoa kama uongo wa darubini kilitoka kwa nyota ya pili. Pengo halikuwapo. Walilichonga wenyewe.

Aliogopa kusema, akaogopa zaidi kunyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alimkuta Mama Vumbi nyuma ya pazia, ananyoosha koti lake.

"Mama, shahidi wetu ni nyota mbili."

"Acha utani, mwanangu."

Akampa simu yenye mchoro. Mama Vumbi aliutazama, akaukuza kwa vidole, akautazama tena.

"Nyota hii niliichagua mimi," alisema. "Naitumia tangu usichana wangu. Mapengo yangu yote, mwanangu. Yote."

Kimya alidhani anang'oa tofali moja, kumbe ameshika msingi wa nyumba.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu."

Mkono wa Mama Vumbi ukamkamata kiwiko, ukambana. Kimya hakuwahi kumwogopa mama huyu hata siku moja. Sasa alimwogopa. Ukumbini mtangazaji alilitaja jina la mwalimu, na watu wakaanza kupiga makofi.

"Mama, unaniumiza."

Mkono ukalegea. Mama Vumbi akajikalia sakafuni na koti lake zuri.

"Nenda ukawaambie wewe," alisema. "Mimi nikipanda pale nitawadanganya. Najijua."

Kimya akalisogeza pazia. Makofi yalikuwa bado yanaendelea.