Salamu Zilizokatwa

"Ndiye huyo," alisema mwenye duka, bila hata kunyoosha mkono. "Ndiye aliyetufuta."

Kamba alikuwa na mguu mmoja juu ya tairi la lori na mwingine bado hewani. Kwapani alibana mto mdogo alioushona mwenyewe kwa mabaki ya sponji, zawadi ya Bibi Behewa, na usoni alikuwa na tabasamu alilolibeba tangu asubuhi. Akalishusha chini pamoja na mguu wa pili.

"Nimemfuta nani?"

"Anauliza!" Mwenye duka akawageukia wateja wake. "Msikieni, eti anauliza nani."

Watu walimwita Kamba kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mjomba wake aliendesha lori la magodoro. Yeye alipakia, akafunga, akapanda juu kukagua, akashusha. Godoro ni mzigo mwepesi lakini jeuri. Ukiruka kulabu moja tu, upepo unaingia chini ya turubai, na safari nzima unakimbizana na mali ya watu porini. Kamba hakuwahi kuruka kulabu. Alizunguka lori akivuta kila kamba mpaka ilie, ndipo alipogonga bodi kumwambia mjomba twende.

Na kila mji waliposhusha mzigo, alitoa simu.

Alikuwa mwoga wa watu. Tangu utoto wake, mgeni akipiga hodi yeye alikuwa ameshafika uvunguni. Lakini simu ikiwa katikati yake na mtu, aliweza. Alimwelekezea kioo, akamuuliza swali moja tu: "Hapa palianzaje?" Watu wakafunguka. Wa mji wenye daraja lililojengwa upande usio na mto. Wa mji ambao kila mtu ni fundi viatu kwa sababu ya mvua moja ya mawe. Barabarani, miguu juu ya dashibodi, alikata na kuunganisha, kisha akarusha kwenye ukurasa wake alioupa jina la Juu ya Magodoro. Watu ambao hawatawahi kufika huko wakafika kwa macho.

Video ya Bibi Behewa ndiyo ilikwenda mbali kuliko zote. Ilitazamwa na watu wengi mpaka mjomba, asiyejua hata kuongeza sauti ya simu, akaanza kujitambulisha kwa walinzi wa vizuizi: "Mnamjua mpwa wangu? Wa magodoro?"

Mji huu mdogo ulizaliwa na treni mbovu. Ndivyo Bibi alivyosimulia, amekaa kwenye benchi la mataruma, magogo ya kulazia reli, nje ya nyumba yake, reli iliyoota majani ikipita mbele ya miguu yake. Zamani, treni ilikufa hapa, pasipo na kitu. Abiria wakaambiwa wasubiri, kichwa kingine cha treni kinakuja. Wakasubiri. Wakapika, wakafua, wakachimba kisima, watoto wakaota meno. Kichwa kipya kilipofika na kupiga honi, wengine hawakupanda. Bibi mwenyewe alikuwa mtoto wa behewa la mwisho. "Ukirudi," alimwambia Kamba siku ile, "nitakuambia kwa nini mama yangu hakupanda." Na sasa dunia nzima ilikuwa inauliza kwenye maoni: kwa nini hakupanda?

Kamba alikuwa amerudi. Benchi lilikuwa tupu.

"Tuliitazama wote hapa dukani," alisema mwenye mashine ya kusaga, mwanamume mpana mwenye unga kwenye nyusi. "Tumekaa, tumenyamaza, tunangoja kusikia yetu. Bibi anatokea: 'Sisi tulishuka hapa.' Sisi nani? Hodi hakuna, hamjambo hakuna. Behewa la babu yangu liko wapi?"

"La kwetu je?" alidakia mama wa mapacha. "Kisima alichimba nani, kama si nyanya yangu?"

"Kwa hiyo sisi wengine tuliota hapa kama uyoga," alimalizia mwenye mashine.

Kamba akahisi masikio yakipata moto. Alikumbuka vizuri sana. Bibi hakuanza na treni. Alianza na salamu, ndefu kama mabehewa yenyewe: wa mashine hawajambo, ambao babu yao alishuka na jiwe la kusagia, wa mapacha hawajambo, wenyewe wa kisima, wa baiskeli, wa nyumba ya bati, wa kule nyuma. Nyumba moja, pumzi moja, nyumba nyingine. Kamba aliiangalia sehemu hiyo akiwa garini na kidole chake kikamwasha. Mtazamaji hasubiri, anateleza anaenda zake. Akakata salamu zote. Kisha, kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, akafuta ile video nzima na kubakiza fupi.

"Mpwa wangu." Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake, godoro kichwani kama kofia ya mfalme. "Mbingu ile unaiona? Sponji ikinywa maji, tutauza nini mji unaofuata? Tushushe, twende. Watu wakikasirika huwa wanapoa."

"Bibi naye atapoa, mjomba?"

"Sasa Bibi mimi namjulia wapi?"

Kamba alitoa simu. Hakumtazama mtu. Alifungua ukurasa, akaitafuta video, akabonyeza kuifuta, simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena.

"Umefanya nini?" aliuliza mwenye duka.

"Nimeishusha."

Mjomba akalitua godoro polepole. "Ile? Ile yenyewe?"

"Ile."

"Yaani ile ya walinzi..." Akashika kiuno, akatazama reli kama mtu aliyeachwa na treni.

"Haisaidii," alisema mwenye mashine. "Watu wameshatuona hatupo."

"Najua, baba," alisema Kamba. "Naenda kwa Bibi."

Mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani, Bibi Behewa alikuwa akichambua maharage kwenye ungo kwa hasira, kama vile kila punje imemkosea.

"Shikamoo, Bibi."

"Ah. Leo unazijua salamu." Hakuinua kichwa. "Marahaba. Simama hapohapo, usinikanyagie maharage."

"Nimekosa, Bibi. Nilikata. Nilidhani..."

"Usiniambie ulichodhani, nimeshakula matunda yake. Juzi nimeenda kusaga. Yule kijana, ambaye nilimfuta makamasi mimi, ananiambia foleni inaanzia nyuma. Mimi! Nikajipanga nyuma. Mama wa mapacha alikuwa akinisukia, sasa ana shughuli. Tazama kichwa hiki." Akavua kitambaa; nusu ya nywele ilikuwa imesukwa, nusu imesimama. "Aliniacha katikati, video ilipofika."

Kamba alibana midomo.

"Cheka tu, utapasuka."

"Sicheki, Bibi. Nimekuja turekodi upya. Uwasalimie wote, sitakata hata pumzi."

"Salamu zangu si redio, mwanangu, uwashe uzime." Bibi akatikisa ungo. "Nilikwisha kusalimia. Aliyeshindwa kuzifikisha ni wewe. Sasa zipeleke."

"Niwapelekee?"

"Nyumba kwa nyumba. Na hicho kioo chako ukiache hapa."

Kamba akaitazama simu mkononi. Akaiweka juu ya ule mto wa sponji, akavisukuma vyote viwili mpaka karibu na ungo, kama mtu anayeacha mtoto kwa jirani.

Nje, mikono yake haikujua pa kukaa. Akaokota kipande cha kamba kando ya lori, akakizungusha vidoleni, angalau awe na kitu cha kushika. Mjomba alimwona akipita kuelekea upande usio na magodoro.

"Wewe! Nani anashusha?"

"Wewe, mjomba wangu mpenzi."

"Mgongo wangu huu?"

"Huohuo."

Alianza kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu ndiko alikoogopa zaidi. Ilikuwa inanguruma. Alisimama mlangoni mpaka vumbi la unga likaanza kumkaa kwenye kope. Mwenye mashine alimwona, akajifanya hajamwona, akamimina mahindi mengine. Kamba hakuondoka. Mahindi yakaisha. Mwishowe mtu yule akazima mashine, na kimya kikaingia kwa kishindo.

"Haya. Sema."

Kamba angekuwa na simu angeangalia kwenye kioo. Akamwangalia machoni.

"Bibi anakusalimia," alisema. "Alikusalimia wa kwanza. Kabla ya treni, kabla ya yeye mwenyewe. Alisema babu yako alishuka na jiwe la kusagia kifuani, kila mtu akamcheka, mpaka siku unga wa safari ulipoisha. Mimi ndiye niliyekata."

Mwenye mashine alijipangusa nyusi. "Alisema kifuani?"

"Ndiyo."

"Begani," alisema. "Alilibeba begani. Huyu Bibi haachi kukosea." Lakini hakuiwasha mashine.

Kwa mama wa mapacha alipokelewa na mapacha wenyewe, walioimba "Kafuta! Kafuta!" mpaka mama yao akawatishia mwiko. Kwa fundi baiskeli ilimbidi ashike gurudumu huku akieleza, na akaeleza yote akiwa amechuchumaa, mikono myeusi kwa grisi. Kwenye nyumba ya bati walimfungia mlango. Alikaa kizingitini. Akapeleka salamu kwa sauti kupitia tundu la kufuli, na alipomaliza kuhusu behewa lao na taa yao ya mafuta iliyowaka mpaka alfajiri, kitasa kikazunguka. Kila nyumba ilikuwa kama kulabu: alivuta, akangoja ilie, ndipo akaenda kwenye nyingine.

Aliporudi, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa la kituo cha zamani cha treni. Mjomba alikuwa ameshusha magodoro yote ya duka, jasho limemchora ramani mgongoni.

"Tumemaliza?" aliuliza.

"Sijui, mjomba."

"Nawasha gari. Ukisikia honi, ni honi."

Kwenye benchi la mataruma, Bibi alikuwa ametoka. Amekalia ule mto. Mama wa mapacha alikuwa nyuma yake na kitana, akimalizia ile nusu ya kichwa, akivuta nywele kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Polepole, wewe, si kamba ya kisima!"

"Tulia. Shingo mbele."

Mwenye mashine alifika akiwa bado na unga. Akasimama mbali, akiangalia reli. "Begani," alisema, kama anayeongea na majani. "Lilikuwa begani."

"Mimi ndiye niliyekuwapo," alijibu Bibi.

"Ulikuwa mtoto wa mgongoni!"

"Ndiyo maana niliona juu."

Fundi baiskeli akacheka. Wa nyumba ya bati wakaja na kigoda chao, wakakaa upande wa pili, lakini walikaa. Bibi akachomoa simu kwenye mfuko wa gauni, akaifuta kwa kitambaa, akampa Kamba.

"Uliza swali lako."

Kamba alinyanyua simu, lakini hakuipandisha mpaka usoni. Aliishika kifuani, ili macho yake yabaki wazi.

"Hapa palianzaje, Bibi?"

Bibi akaanza na wa mashine. Akasahihishwa. Akaendelea na wa mapacha, akavutwa nywele, akapiga kelele, akaendelea. Kati ya nyumba na nyumba alinyamaza, kimya kirefu chenye upepo na kuku ndani yake, na kidole cha Kamba kilitulia. Hatimaye treni ikafa, kisima kikachimbwa, kichwa kipya kikaja.

"Mama yangu alikuwa ameshafunga mizigo," alisema Bibi. "Sisi watoto tumekaa ndani, dirishani. Yeye akasema ngojeni, naenda kuaga. Basi akaaga wa jiwe. Akaaga wa kisima, akalia kidogo. Honi ikalia. Tukamwita, mama, mama! Akatuinulia mkono hivi: ngojeni, sijawaaga wa taa. Honi ikalia tena. Baba akatushusha mmojammoja kwa dirishani, na mizigo, anatukana..."

Barabarani, honi ya lori ikalia.

Watu wote wakamtazama Kamba. Simu haikutikisika. Honi ikalia tena, ndefu, na juu ya paa la kituo ngurumo ikaijibu. Kutoka pale aliposimama, Kamba aliweza kuliona lori: turubai limevutwa juu ya magodoro yaliyobaki, kila kulabu imefungwa, kwa mafundo makubwa mabaya ya mjomba ambaye hajafunga mzigo miaka na miaka.

Kisha injini ikazimwa.

Mlango wa lori ukafunguka. Mjomba akateremka kwa mguu mmoja, akatulia kuupa mgongo nafasi, akateremsha wa pili. Akaanza kuvuka reli akijipangusa mikono kwenye suruali.

Bibi alimtazama akija. Akanyanyuka kidogo, akausogeza ule mto katikati ya benchi.

"Na huyo," aliuliza, "nani amemsalimia?"

Wote wakageuka, simu ikiendelea kurekodi, wakimngoja afike.